Mtaji wa ubia: asiyekuwepo na lake halipo

Mwaka 2024 kampuni changa za Kenya zilikusanya takribani dola za Marekani milioni 638 kutoka kwa wawekezaji, kwa hesabu za Africa: The Big Deal, jarida linalofuatilia fedha hizo barani. Kenya, Nigeria, Misri na Afrika Kusini kwa pamoja zilichukua zaidi ya asilimia 80 ya fedha zote zilizoingia Afrika mwaka huo. Nchi takribani 50 zilizobaki ziligawana makombo, na Msumbiji ni mojawapo.

Ndani ya Msumbiji kwenyewe, kinachopatikana huishia zaidi Maputo. Kutoka Maputo hadi Diaca, tarafa ya Wilaya ya Mocímboa da Praia iliyo kwenye barabara ya kupanda Mueda, ni mbali zaidi kuliko kutoka Diaca hadi Dar es Salaam. Ukimwambia kijana wa huko kwamba anaweza kufanya kazi ya kuwekeza mtaji wa ubia, huenda akadhani anatiwa kejeli. Hata hivyo jambo hili linastahili kuzungumzwa, tena katika gazeti linalosomwa pande zote mbili za Ruvuma. Fedha hizi hazijigawi zenyewe. Kuna watu wanaokaa mezani, wakasoma maombi, wakauliza maswali, kisha wakasema ndiyo au hapana. Mtu huona vyema anachokifahamu. Wahenga walishasema: asiyekuwepo na lake halipo.

Kwanza ieleweke kazi yenyewe ni nini. Mtaji wa ubia ni fedha anazopewa mwenye biashara changa kwa kubadilishana na hisa. Mkopo hudaiwa hata biashara ikifa. Mtaji wa ubia hufa pamoja na biashara, na biashara ikistawi mwekezaji hupata fungu lake. Kwa hiyo mwekezaji hana budi kuchagua kwa makini, na baada ya kuchagua hana budi kusaidia, kwa kuwa hasara ya mwenzake ni hasara yake.

Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa hayo mara mbili. Chombo kikirudi kutoka baharini, samaki hugawanywa kwa mafungu: la mwenye chombo, la mwenye nyavu, la nahodha na mabaharia. Bahari ikinyima, wote hurudi mikono mitupu. Waislamu wanaijua ndugu yake kwa jina la mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi na maarifa, faida hugawanywa kwa kiwango walichopatana tangu mwanzo, na mali ikipotea bila uzembe au hiana, mwenye mali ndiye hubeba hasara ya mali yake. Meli za kuwinda nyangumi za New Bedford, Marekani, katika karne ya 19 ziliendeshwa kwa mafungu kama hayo. Mwaka 1946 ndipo mjini Boston ilipoanzishwa American Research and Development Corporation chini ya Georges Doriot, kampuni inayotajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kuifanya kazi hii kwa mtindo wa kisasa. Mwaka 1957 iliipa kampuni changa ya kompyuta, Digital Equipment Corporation, dola 70,000 kwa asilimia 70 ya hisa, na hisa hizo zikaja kuwa na thamani ya mamilioni mengi ya dola.

Leo mfuko wa kawaida hukusanya fedha kutoka mifuko ya pensheni, mashirika ya maendeleo na matajiri, na huwekewa maisha ya takribani miaka 10. Wasimamizi hulipwa karibu asilimia 2 ya mfuko kila mwaka kwa gharama za kazi, na karibu asilimia 20 ya faida baada ya wenye fedha kurudishiwa mtaji wao. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mlango wa kuingilia ni mwembamba. Mfuko wa dola milioni 20, ambao kwa Afrika Mashariki si mdogo, hupata dola 400,000 kwa mwaka za kulipia mishahara, pango, safari, mawakili na wakaguzi. Fedha hizo huajiri watu wachache mno, na mkuu wa mfuko anapotafuta mchambuzi mmoja, humchukua anayefanana na waliopo: aliyesoma ng'ambo, aliyepita katika benki au kampuni kubwa ya ushauri, anayejulikana na mtu anayejulikana.

Njia hiyo imewafaa baadhi ya wana wa Afrika Mashariki. Mbwana Alliy, Mtanzania aliyesoma Uingereza na Marekani, alipita katika sekta ya teknolojia kabla ya kuanzisha Savannah Fund na wenzake mwaka 2012. Mfuko huo ulikuwa miongoni mwa mifuko ya mwanzo jijini Nairobi iliyotazama kampuni changa za teknolojia. Ni mfano wa kujivunia. Lakini ukanda hauwezi kungoja kila mchaguzi wa mitaji apite chuo kikuu cha California, kwa sababu wapo wengi wenye akili hiyo ambao hawatafika huko kamwe.

Hasara ya kuwa na wachaguzi wa aina moja imekwishaonekana. Mwaka 2021 kampuni ya Kune ilipata dola milioni 1 ili iwauzie watu wa Nairobi chakula kilichopikwa kwa bei nafuu. Juni 2022 ikafungwa. Mji ule umejaa vibanda ambako mama ntilie hupika wali, maharage na chapati tangu alfajiri, huwajua wateja wake kwa majina, na huwakopesha hadi mwisho wa wiki. Mchambuzi aliyekula kibandani kwa miaka mitano angeuliza swali moja mapema: kampuni hii itamshinda vipi mama huyu? Copia nayo, iliyopeleka bidhaa kwa wateja wa kipato cha chini kupitia mawakala wa mitaani na vijijini, ilikusanya zaidi ya dola milioni 100, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Biashara hufa kwa sababu nyingi, na si haki kumlaumu mchambuzi kwa kila kifo. Hata hivyo fedha nyingi zimepotea kwa kukosa mtu mezani anayejua mteja anaishije, analipaje na hununua nini mvua zikichelewa.

Hapo ndipo kijana wa Diaca ana mali ambayo hajaambiwa kuwa ni mali. Aliyekulia huko mara nyingi husikia Kimakonde nyumbani, Kimwani na Kiswahili sokoni, na Kireno shuleni. Anajua korosho na ufuta hununuliwa na nani, kwa mizani gani na msimu upi. Anajua mzigo unavyopanda Mueda na kuelekea Negomano, kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 kuziunganisha Msumbiji na Tanzania. Anajua mfanyabiashara yupi hutimiza ahadi na yupi hukimbia na fedha za watu. Wachambuzi wa mifuko hulipwa mishahara mizuri kutafuta habari za namna hiyo, na wengi wao huzikosa.

Anajua pia jambo ambalo haliandikwi katika vitabu vya fedha. Tangu mashambulizi ya Oktoba 5, 2017 mjini Mocímboa da Praia, vita vya Cabo Delgado vimewahi kuwang'oa makwao karibu watu milioni moja. Mji wa Mocímboa da Praia wenyewe ulikaa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, ulipokombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, na barabara ya Awasse na Diaca ikawa uwanja wa mapigano. Wengi waliorudi wameanza upya bila akiba, bila duka na bila stoo. Anayejua jinsi biashara inavyofufuka baada ya kupoteza kila kitu anaijua hatari kuliko mtu aliyeisoma katika jedwali.

Hili si suala la ajira za vijana wachache tu. Watafiti wa taasisi ya IESE ya Maputo, walioandika mwaka 2019 kuhusu chimbuko la vita hivyo, walieleza kwamba fedha zilikuwa miongoni mwa njia za kuwavutia vijana wa Mocímboa da Praia. Wakati huohuo, katika wilaya jirani ya Palma, ulikuwa unapangwa mradi wa gesi wa Afungi wenye thamani ya takribani dola bilioni 20. Ulisimamishwa Aprili 2021 baada ya shambulio la Palma, na mwishoni mwa 2025 TotalEnergies ilitangaza kuondoa hali ya dharura iliyousimamisha. Kijana anayeona mabilioni yakipita juu ya kichwa chake, huku hakuna anayemuuliza ana wazo gani, ni rahisi kushawishika na wa kwanza atakayemuuliza. Ukanda unaotaka amani hauwezi kuwaachia wenye nia mbaya kazi ya kuwa wa kwanza kuuliza.

Uwezo wa watu wa huko kukusanya mtaji na kuubeba pamoja si jambo geni. Mwishoni mwa miaka ya 1950, juu ya uwanda wa Mueda, Lázaro Nkavandame, Mmakonde aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, aliongoza wakulima kuunda ushirika wa pamba uliojulikana kwa jina la Linguilanilu, maana yake kusaidiana. Katika nchi ambako pamba ililimwa kwa shuruti ya Mreno, wanachama walilima kwa hiari na kuuza kwa pamoja. Ushirika ulipokua na kupata nguvu, serikali ya kikoloni ikaubana. Historia hiyo ina upande wa pili, nao usifichwe. Nkavandame huyohuyo alikuja kuwa kiongozi wa FRELIMO wa Cabo Delgado, akasimamia biashara katika maeneo yaliyokombolewa, akashutumiwa na wenzake kwa kujinufaisha, na mwaka 1969 akajiunga na Wareno. Ushirika ulithibitisha kwamba watu wanaweza kuaminiana kwa mali. Mwisho wa kiongozi wake ukaonyesha kwamba imani bila hesabu zilizo wazi huoza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni lazima pia kusema kweli kuhusu mipaka ya mtaji wa ubia. Mfuko wa Nairobi hutafuta kampuni inayoweza kukua mara kumi au zaidi, kwa kuwa moja itakayofanikiwa sana inapaswa kufidia nyingi zitakazokufa. Mwenye mashine ya kusaga mihogo Diaca hawezi kukua mara kumi, wala hana haja. Akibebeshwa matarajio hayo atavunjika. Biashara nyingi za huko zinahitaji mtaji mdogo, wenye subira, unaogawana faida na hasara. Kwa hiyo kijana anayetaka kazi hii asianze kwa kuota ofisi ya ghorofani. Aanze pale ambapo mtaji mdogo unatolewa, ajifunze kuutoa vizuri.

Vikundi vya kuweka na kukopeshana vimeenea kaskazini mwa Msumbiji kama VICOBA vilivyoenea Tanzania na chama Kenya. Kikundi chenye sanduku, kufuli na daftari ni shule ya kwanza. Chukua mfano wa hesabu tu. Kikundi kinanunua mashine ya kusaga kwa meticais 60,000 na kumkabidhi mwendeshaji. Kwa mwezi mashine inaingiza meticais 9,000. Mafuta na matengenezo yanakula 4,000. Zinazobaki 5,000 zinagawanywa: kikundi 3,000, mwendeshaji 2,000. Kikundi kitarudisha fedha yake kwa miezi 20, na makubaliano yanaweza kusema kwamba baada ya hapo mafungu yabadilike na mwendeshaji apate zaidi. Je, mashine ikifa mwezi wa sita? Kikundi kitakuwa kimepokea 18,000 na kupoteza 42,000, na mwendeshaji hatadaiwa, mradi hakuzembea. Nani ataamua kama alizembea? Nani anakagua mita ya mafuta? Je, mtoto wa mwenyekiti anasaga bure? Kijana atakayeandika makubaliano ya ukurasa mmoja yanayojibu maswali hayo, kisha akayasimamia hadi mwisho bila ugomvi, atakuwa amefanya kazi halisi ya mtaji wa ubia kwa kipimo kidogo.

Shule ya pili haina gharama zaidi ya daftari na kalamu. Achague biashara 10 anazoziona kila siku. Aandike kila moja inauza nini, kwa nani, kwa faida gani, na inakwama wapi. Aandike, kwa tarehe, zipi anaamini zitakuwa hai baada ya mwaka mmoja, na kwa sababu ipi. Mwaka ukiisha afungue daftari alinganishe. Atakuwa amekosea mara nyingi, na kila kosa litamfunza jambo ambalo mwalimu asingeweza kumfunza. Daftari la miaka mitatu la namna hiyo linamweleza mwajiri mengi kuliko cheti kisicho na kazi nyuma yake. Aongeze hapo uhasibu, hata kwa masomo ya jioni, hadi aweze kusoma mizania na kuona fedha inakovuja. Aongeze Kiingereza, kwa kuwa mikataba mingi ya mifuko imeandikwa kwa lugha hiyo. Kisha atafute kazi katika ngazi za kati: ofisa mikopo, mhasibu wa ushirika, msaidizi katika taasisi kama GAPI inayofadhili biashara ndogo Msumbiji. Kutoka hapo mlango wa mfuko hauwi mbali tena.

Hata hivyo bidii ya kijana peke yake haitoshi, na si haki kumtwika mzigo wote. Wapo wengine watatu wenye wajibu.

Wa kwanza ni mifuko yenyewe. Mifuko mingi ya Nairobi na Dar es Salaam imepata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka mashirika ya maendeleo ya Ulaya na Marekani, yaani fedha za umma za mataifa hayo, zilizotolewa kwa ahadi ya kuinua Afrika. Mashirika hayo yana uwezo wa kuweka sharti: kila mfuko unaopokea fedha zao uchukue kila mwaka mwanagenzi mmoja kutoka nje ya miji mikuu, alipwe mshahara, na apewe nafasi ya kusema katika kikao cha kuamua. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na uwekezaji mmoja uliofanywa bila kumjua mteja.

Wa pili ni serikali ya Msumbiji. Sheria ya mfuko wa taifa wa mapato ya gesi, iliyopitishwa na Bunge Desemba 2023, inaelekeza asilimia 40 ya mapato hayo yawekwe akiba na asilimia 60 yaende kwenye bajeti kwa miaka 15 ya mwanzo. Bajeti za nchi hiyo pia zimekuwa zikitenga asilimia 2.75 ya mapato ya madini na gesi kwa jamii za maeneo ya uchimbaji. Madarasa na visima ni lazima. Lakini sehemu ndogo ya fungu hilo ingeweza kuwa mtaji wa kugawana faida na hasara kwa biashara za Palma, Mocímboa da Praia na Mueda, ukisimamiwa na kamati yenye vijana wa huko waliofunzwa, hesabu zikibandikwa ukutani kila robo mwaka kwa Kireno, Kiswahili na lugha za wenyeji. Bila hesabu hizo ukutani, ni afadhali mfuko huo usianzishwe, kwa maana utageuka kuwa zawadi kwa wanaojuana.

Wa tatu ni jumuiya za ukanda. Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini biashara ya Cabo Delgado na Mtwara haikungoja mkataba wa mtu. Agosti 2019 wakuu wa SADC, wakikutana Dar es Salaam, walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Uamuzi huo ulishangiliwa sana, na sasa upewe kazi. Itungwe mikataba ya mfano ya uwekezaji mdogo kwa Kiswahili chepesi, inayotambulika Tanzania na Msumbiji, ili mwekezaji wa Mtwara aweze kuingia ubia na mfanyabiashara wa Diaca bila kulipa wakili wa Maputo kwa kila ukurasa. Vyuo vya biashara vya Tanzania vifungue nafasi kwa wanafunzi wa Cabo Delgado wanaojua Kiswahili kuliko Kiingereza. Muungano wa ukanda utaonekana pale mali ya mtu wa upande huu itakapoweza kuaminiwa kwa mtu wa upande ule, na mgogoro ukitokea wote wawili wajue pa kwenda.

Yote haya yanategemea usalama, na barabara ya Diaca haijapata bado utulivu ambao wenye fedha wangeutaka. Lakini kungoja amani kamili ndipo watu wafunzwe ni kupoteza miaka. Mchambuzi wa mitaji haivi kwa mwezi mmoja. Anayeanza kujifunza leo atakuwa tayari kukaa mezani mapato makubwa ya gesi yatakapoanza kugawanywa. Asipofunzwa sasa, siku hiyo fedha zitagawanywa na wengine, kwa nia njema pengine, na Diaca itasoma matokeo yake gazetini.